Watu wa Glenlossan

Ukitoka Eldoret kuelekea Turbo, kuna njia ya murram inayokata kulia katikati ya mahindi, na ukiifuata bila kukata tamaa utafika kwetu Glenlossan. Glen, kwa lugha ya wenyewe kule Scotland, ni bonde. Mimi nimefundisha jiografia mpaka nikastaafu, na naweza kukuapia kwamba kwetu hakuna bonde. Kuna mahindi, kuna ng'ombe, kuna uwanda uliolala tambarare kama chapati, na mahali pekee penye kina ni shimo la choo cha shule ya msingi. Lakini mzungu aliyejitwalia shamba hili enzi za ukoloni alikuwa na hamu ya kwao, na mwenye hamu ya kwao haangalii ardhi iliyo mbele yake. Akaliita Glenlossan. Majirani zake nao walifanya vivyo hivyo, kila mmoja akabandika kijiji cha nyanya yake juu ya malisho ya watu wengine, wakaridhika.

Jina la mzungu mwenyewe limepotea. Vibarua walimwita Kiraka kwa sababu ya suruali zake, na hadi leo ukiuliza wazee watakwambia ni Bwana Kiraka, basi. Uhuru ulipokuja alifunga virago, shamba likanunuliwa na chama cha ushirika na kukatwa vipande. Watu wakaja kutoka Nandi, Keiyo na Baringo. Vibarua wa Kiraka, wengi wao Wakikuyu, nao wakajikaza wakapata vipande vyao. Jina likabaki. Hakuna aliyelipenda wala kulichukia, na tulilitamka bila kulifikiria.

Hadi mwaka huu, tulipoambiwa kwamba kila kijiji kitawekewa bango kando ya lami. Mtu akisikia jina lake litaandikwa kwenye chuma, hapo ndipo uzalendo humpanda.

Aliyepandwa zaidi alikuwa Jeconia Kimutai, mnunuzi wetu wa mahindi na mwenye malori. Jeconia ni mwenyekiti wa kanisa, mwenyekiti wa josho la ng'ombe, mwenyekiti wa mradi wa maji usio na maji. Kiti chochote kikiachwa wazi kijijini, ukigeuka utamkuta amekikalia. Akaunda Kamati ya Kurudisha Jina, akajichagua mwenyekiti, na mimi, kwa kuwa nina kalamu na sina lori, nikafanywa katibu.

"Ni aibu," alituambia siku ya kwanza, "mpaka leo tunaishi ndani ya jina la mkoloni. Lazima turudishe jina letu." Alisema hivyo akiwa amejifunga shingoni skafu ya timu moja ya mpira ya Uingereza, ambayo huivaa hata kwenye matanga.

Kulikuwa na tatizo dogo tu. Jina letu tungelirudisha kutoka wapi? Kabla ya Kiraka hapa palikuwa malisho. Wenye malisho walihamishwa, wakaenda na ng'ombe wao na jina lao, na hakuna hata mmoja wetu kwenye kamati aliyekuwa mjukuu wao. Lakini kamati ya Kenya haishindwi na jambo dogo kama ukweli. Kama jina halikumbukwi, litatungwa.

Sisi Wakalenjin mahali hupaita Kap na jina la mwenyewe, yaani kwa fulani. Jeconia alipendekeza Kapkimutai, kwa heshima ya babu yake. Babu yake aliishi na kufa Baringo, na sidhani kama aliwahi kusikia kwamba kuna mahali panaitwa Turbo. Kiprop, kijana mwenye duka la dawa za mifugo, akakumbuka ghafla kwamba naye alikuwa na babu, tena shujaa. Mzee mwingine akasema babu yake alipita hapa akifuata ndama aliyepotea, na kupita ni sawa na kumiliki. Kikao cha pili kilikaribia kuvunjika kwa sababu ya huyo ndama.

Nikawakumbusha desturi. Kwetu mtoto akizaliwa, akina mama humwitia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na jina litakalomfanya apige chafya ndilo lake. Nikapendekeza twende uwanjani tuiitie ardhi mababu wote wa kamati, tuone itapiga chafya wapi. Mwenyekiti akaniambia kazi ya katibu ni kuandika.

Kwa kweli mambo yalikuwa yameshaamuliwa. Mavuno yalikuwa yanakaribia, na kila mmoja wetu alikuwa na mahindi ambayo yangepanda lori la Jeconia. Babu yake alianza kuonekana mtu mkubwa sana machoni petu.

Kisha nikapita kwa Mama Waiyego.

Mama Waiyego ndiye mtu mzima kuliko wote kijijini. Alizaliwa hapa hapa, kwenye vibanda vya vibarua wa Kikuyu, baba yake akiwa mkamuaji wa ng'ombe wa Kiraka. Akaolewa hapa hapa na Gerishon Ng'ang'a, dereva wa trekta, na Gerishon amezikwa nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la saruji ambalo mama huyo hulifagia kila asubuhi kabla ya kufagia uwanja wake. Nilimkuta anatenga maharagwe. Mlangoni kulikuwa na magunia yaliyofungwa kamba.

"Unahama, Mama?" nilimuuliza kwa utani.

"Muulize Kiarie," akasema. "Yeye ndiye anajua nahama ama sihami."

Kiarie ni mwanawe, ana duka la vipuri na nyumba Munyaka, mtaa wa Eldoret mjini. Alikuwa amemwambia mama yake wazi: siku jina la Kapkimutai likipita, yeye anakuja na pikapu, anamchukua, na shamba linauzwa. Huwezi kumlaumu Kiarie. Mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, ambao huku hatuutaji, yeye alilala kwenye hema mjini miezi kadhaa, darasa la nne, na madaftari yake yakaungua na nyumba. Mnunuzi wa shamba naye hakuwa mbali. Jeconia alikuwa ameshafika kumsalimia mama na mkate na sukari, akamwambia asiwe na wasiwasi, lakini likitokea lolote, yeye ni jirani.

"Nani kakwambia jina likibadilika lazima uende?" nikamuuliza. Hata mimi nilijisikia nikisema upuzi.

Aliacha maharagwe. "Mwalimu, wewe umesoma. Kap si ni kwa? Sasa nikiulizwa kwetu ni wapi, niseme ni kwa Kimutai? Mimi si bibi yake." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Niliona tangu zamani. Watu wakianza kuuliza majina ya mahali, bado kidogo wataanza kuuliza majina ya watu. Hiyo Glenlossan si ya mtu. Si yako, si yangu. Ndiyo maana tumetoshea sisi wote ndani. Mimi nataka tu kulala hapo kando ya Gerishon. Munyaka nitalala na nani? Na kuta za mawe?"

Niliondoka pale nimekasirika. Nilimkasirikia Jeconia na Kiarie, na zaidi nilijikasirikia mimi, mtu wa kuandika kumbukumbu.

Msaada ulitokea kwa Kiprop, na nikuhakikishie hakukusudia kumsaidia mtu. Baada ya kuona babu yake ameshindwa, Kiprop aligeuka mtetezi wa jina la zamani. Alisimama kwenye kikao akasema Glenlossan ni brand. Huko Scotland, alisema, lazima iwe mji mkubwa, na majumba ya wafalme, na meya. Tukiacha jina tumeacha undugu na mji huo, na ndugu wa namna hiyo ndio huchimbia watu visima. Na kwa bahati, Cynthia alikuwa huko huko.

Cynthia Chepkorir ni binti wa Jeconia, mwanariadha. Wiki hiyo alikuwa Scotland kwa mbio za barabarani. Kiprop akaomba Cynthia akimaliza kukimbia aende Glenlossan yenyewe, atupigie video tuone kwa macho, kisha tupige kura. Kamati ikapumua. Kwa kisima, hata wale waliochukia ukoloni walikuwa tayari kuusamehe. Jeconia naye hakukataa. Binti ni wake, angepinga vipi?

Baraza lilifanyika Jumamosi ndani ya kanisa, kwa sababu kanisa lina projekta. Kiprop aliiunganisha simu yake, na vipaza sauti vya kwaya vikaletwa. Watu walijaa kuliko Krismasi. Mama Waiyego alikaa benchi la mbele na kitambaa chake kipya kichwani. Kupitia dirishani niliiona pikapu ya Kiarie imeegeshwa uani. Kitanda cha mama yake kilikuwa tayari juu, na godoro limefungwa kamba. Kiarie hakushuka. Alikaa kwenye usukani akisubiri kuambiwa.

Cynthia akatokea ukutani, mkubwa kuliko msalaba, koti limefungwa mpaka kidevuni, mvua inampiga usoni.

"Mnanisikia?"

"Tunakusikia!"

"Mnaniona?"

"Tunakuona! Wewe unatuona?"

Hiyo peke yake ilichukua muda. Kisha Kiprop akaomba atuonyeshe mji.

"Mji gani?" Cynthia akasema. "Kiprop, nimeacha gari, nikatembea kwa matope mpaka hapa. Hii ndio Glenlossan. Angalieni."

Akageuza simu. Tukaona nyasi na kondoo. Tukaona kuta za mawe zilizofika magotini, zimepangwa mraba mraba bila paa, na ndani yake thabai, ile mimea inayowasha, zimeota mpaka kifuani. Akina mama wa pande zote wakaguna pamoja, maana hakuna mwanamke wa shamba asiyejua kwamba thabai hupenda mahali palipokuwa na jiko na zizi. Wanaume waliendelea kumtafuta meya.

"Labda huo ni upande wa nyuma," Kiprop alisema kwa sauti ndogo.

Hapo akatokea mzee mmoja wa kizungu, mchungaji wa kondoo, juu ya pikipiki ya magurudumu manne, mbwa amekaa nyuma yake kama abiria wa boda. Cynthia akazungumza naye, kisha akageukia simu.

"Anasema hapa palikuwa na kijiji, watu wengi tu, wanalima, wanafuga. Zamani sana. Halafu mwenye ardhi akaona kondoo watamfaa kuliko watu. Wakapewa notisi. Waliokataa kutoka, paa zikachomwa wakiwa wanaangalia. Wengine walikufa njiani, wengine wakapanda meli. Hawakurudi."

Kwetu habari ya paa kuchomwa haihitaji mkalimani. Wengine waliangalia viatu vyao, na nakwambia sikuwahi kuona watu wazima wengi hivyo wakivutiwa na viatu.

Nami nilikuwa napiga hesabu yangu ya historia. Kwa hiyo babu zake Kiraka walifukuzwa kwenye kijiji hicho ili kondoo wapate nafasi. Kiraka akakua akisimuliwa machozi yao, akabeba jina la kijiji hicho moyoni, akavuka bahari, akafika Uasin Gishu, akawafukuza watu ili ng'ombe wake wapate nafasi, kisha kwa uchungu wa kufukuzwa akalipa shamba jina la huzuni yake. Kumbe dawa ya kufukuzwa ni kufukuza. Na dozi ilikuwa inaendelea, imefika kwa mwenyekiti wetu.

Jeconia aliruka. "Mmeona! Mmeona wenyewe! Hilo ni jina la watu waliofukuzwa. Tunakaa kwa laana! Pastor, si ni laana?"

Pastor alikohoa, akaanza kupekua Biblia polepole, kama mtu anayetumaini hatapata.

"Hakuna haja ya maneno mengi," Jeconia akaendelea. "Tupige kura. Wanaotaka Kapkimutai, wainue..."

"Baba, ngoja kidogo," Cynthia alisema kutoka ukutani. "Huyu mzee anauliza nyinyi ni akina nani. Nimemwambia ni watu wa Glenlossan. Anasema nisimchezee, ati Glenlossan haijakuwa na mtu tangu babu ya babu yake."

Yule mzee akachukua simu kwa mikono miwili. Pua yake ikajaa ukuta mzima. Akarudi nyuma kidogo, akatuangalia, benchi baada ya benchi, kisha akavua kofia ingawa mvua ilikuwa inamnyeshea. Akasema neno.

"Anauliza," Cynthia akasema, "nani hapo ni wa Glenlossan?"

Hilo swali lilikuwa rahisi. Lakini kwa wiki kadhaa tulikuwa tumejifunza kuwa wa Kap huyu na Kap yule, na sasa hakuna aliyetaka kuonekana na Jeconia akimjibu mzungu. Halafu kulikuwa na lile jambo ambalo sote tulilijua na hakuna aliyelisema. Jeconia alizaliwa Baringo. Babake Kiprop alitoka Nandi. Mimi nililetwa hapa mgongoni mwa mama yangu kutoka Keiyo. Wenyeji wote wa kamati tulikuwa wageni wa juzi.

Mama Waiyego akasimama. Akainua mkono juu, kama mtoto wa shule.

"Ni mimi," akasema. "Mwambie ni mimi. Nilizaliwa Glenlossan. Baba alikamua ng'ombe hapa. Bwana yangu amelala hapa."

Cynthia akatafsiri. Mzee yule akajipangusa uso, nami sijui kama ilikuwa mvua. Akasema maneno marefu kidogo, na Cynthia alipoyaleta kwetu sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Shosho, anasema amefurahi kwamba kuna mtu alibaki. Alidhani hakubaki mtu yeyote. Anauliza kama uko salama huko. Kama kuna mtu anakusumbua juu ya shamba."

Mama Waiyego aligeuka akamwangalia Jeconia. Hakumwangalia kwa hasira. Alimwangalia tu, vile mtu anavyomwangalia jirani aliyemwazima jembe na anajua liko kwake.

"Mwambie angoje kidogo," akasema. "Tutajua saa hii."

Aliyesimama wa kwanza alikuwa Eddah. Eddah ni mke wa Jeconia, mamake Cynthia, mwanamke ambaye miaka hii yote nimemsikia akisema kanisani maneno mawili tu, na yote ni amina. Akainua mkono. "Cynthia, mwambie hata mimi ni wa Glenlossan. Nilikuzalia hapa, na huyu mama ndiye alikupokea."

Akina mama wakafuata, Wakalenjin kwa Wakikuyu. Kisha vijana, ambao nawajua, wangeinulia mkono chochote ilimradi waonekane kwenye video ya Ulaya. Kiprop akainua, akijisifu kwamba ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitetea jina. Wazee wakaona ni hatari kubaki chini peke yao. Mimi niliinua huku nimeshika kalamu, na kwa mara ya kwanza tangu kamati ianze nilijisikia mwanamume.

Akabaki mmoja.

"Baba, na wewe?" Cynthia akauliza. "Mzee anahesabu."

Jeconia alimtazama mkewe, akatazama ukuta, akatazama wateja wake wote wa mahindi wakiwa wamenyoosha mikono. Mkono wake ulipanda polepole mpaka usawa wa sikio, kana kwamba anataka kujikuna.

"Hata baba," Cynthia akamwambia yule mzee.

Nikaandika haraka kabla haujashuka: Pendekezo la kubadilisha jina limekataliwa kwa kuinua mikono, wote, pamoja na mwenyekiti.

"Mwalimu," Jeconia alinijia baadaye mlangoni, akinong'ona, "ile haikuwa kura. Tulikuwa tunasalimia mzungu."

"Mwenyekiti," nikamwambia, "kazi ya katibu ni kuandika."

Nje, Kiarie alikuwa ameshuka garini. Nilimtangulia mama yake nikamweleza kwa kifupi, nikifikiri nimempelekea habari njema. Hakutabasamu. Alinisikiliza huku ameshika kamba za godoro.

"Na mwaka wa kura, Mwalimu?" akaniuliza. "Hiyo mikono itakuwa juu bado?"

Nilijua majina ya kila aliyeinua mkono, na nilijua pia mwaka ule usiotajwa wengi wao walikuwa wapi. Mama Waiyego alitupita sisi wawili, akafungua mlango wa nyuma wa pikapu, akaanza kufungua mafundo ya kamba kwa vidole vyake vigumu.

"Mama, nimemuuliza Mwalimu swali," Kiarie alisema.

"Nimesikia. Hana jibu, muache." Kamba ikalegea. "Kiarie, shusha kitanda. Mimi ni mzee, nataka kulala kwangu."

Kiarie akapanda nyuma ya gari. Mimi nikashika upande wa miguu.